Hodi Kabla ya Sindano

Hakuna desturi iliyoenea katika pwani yetu kama desturi ya kupiga hodi. Kutoka Likoni mpaka Vanga, na kutoka Kinango mpaka Shimoni, mgeni hasukumi mlango wa mtu kwa sababu tu ameukuta umerudishwa. Husimama nje, akapiga hodi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Nyumba yaweza kuwa ya udongo na paa lake la makuti; hodi yake ni ile ile apigiwayo tajiri katika nyumba ya mawe. Desturi hii ilitungwa kwa heshima ya mtu aliye ndani, kwa kuwa yeye peke yake ndiye ajuaye kama wakati ule aweza kuonana na watu au hawezi.

Basi, msomaji, yastaajabisha kuona kwamba mwili wa mtu, ambao ni nyumba yake ya kwanza na ya mwisho, huingiwa mara nyingine kwa hodi dhaifu kuliko ile ipigwayo katika kibanda. Nasema habari za utafiti unaofanywa juu ya watu: utafiti wa damu, wa mkojo, wa dawa mpya, na hata wa maswali. Neno nitakalo kulithibitisha katika insha hii ni moja. Mtafiti hana haki ya kugusa mwili wa mtu wala siri yake mpaka mtu yule mwenyewe ameelewa anachoombwa, amekuwa huru kukataa, na amekubali. Sahihi katika karatasi, barua ya mkubwa na muhuri wa ofisi ni vitu vyema mahali pake, lakini haviwezi kukaa katika kiti cha ridhaa hiyo.

Kwale si ngeni kwa watafiti. Malaria iko, kichocho kiko, na matende yako. Na penye maradhi wataalamu hukusanyika. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya na wa Marekani walifanya kazi kubwa Msambweni juu ya kichocho cha mkojo, na wengi wa waliochunguzwa na kutibiwa walikuwa watoto wa shule. Walilinganisha dawa mbili, metrifonati na prazikwanteli, wapate kujua ipi ifaayo zaidi kupewa watoto wengi kwa pamoja. Leo prazikwanteli hutolewa mashuleni katika nchi nyingi za Afrika, na mtoto wa mbali ambaye hajapata kuisikia Msambweni apona kwa ujuzi uliotokana na kazi kama ile. Huo ni wema, na mtu asiyeukiri wema huo hana haki ya kuukosoa utafiti.

Tena, mwaka 2023 kaunti hii ilikuwa uwanja wa utafiti mkubwa wa malaria, ulioendeshwa na wataalamu wa kituo cha Kilifi pamoja na wenzao wa Barcelona katika Hispania. Watu wa baadhi ya maeneo walipewa dawa iitwayo ivamektini mara moja kwa mwezi, kwa muda wa miezi mitatu. Watu wa maeneo mengine wakapewa albendazoli, dawa ya minyoo, ili kulinganisha. Walioshiriki walikuwa zaidi ya 28,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, nayo yalionyesha kwamba maambukizo ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalikuwa machache kwa asilimia 26 katika maeneo ya ivamektini kuliko katika yale mengine.

Namna dawa hii inavyofanya kazi yastahili kuangaliwa, kwa kuwa imebeba fundisho lote la insha yangu. Ivamektini haimzuii mbu kumwuma mtu aliyeimeza. Huingia katika damu yake, na mbu anayeinyonya damu hiyo hufa. Basi mtu mzima amezapo kidonge hiki, faida kubwa humwendea mtoto wa jirani, ambaye mbu yule angalimwuma siku nyingine. Mmezaji ametoa mwili wake uwe mtego kwa ajili ya watoto wa watu. Tendo hili ni sadaka, na sadaka ni nzuri sana. Lakini kitu kilichotolewa bila ya hiari ya mwenyewe hakiitwi sadaka. Huitwa unyang'anyi, hata kama kilichonyang'anywa kimepelekwa kwa maskini.

Hapa pana tofauti ambayo watu wengi, waliosoma na wasiosoma, huisahau. Tiba na utafiti ni ndugu wanaofanana sura, lakini nia zao si moja. Daktari atibuye humtazama mgonjwa mmoja na kuuliza, Nifanye nini apone huyu? Mtafiti huuliza, Nifanye nini nipate ujuzi utakaowafaa wengi, hata wale ambao hawajazaliwa? Kwa sababu hiyo mtafiti aweza kupiga kura, huyu apewe dawa hii na yule apewe ile. Aweza kutoa damu ambayo mgonjwa mwenyewe haimfai kitu kutolewa. Hapana dhambi katika hayo, mradi mwenye mwili ajue kwamba aliyesimama mbele yake amekuja kwa nia ya pili. Taabu ni kwamba wote wawili huvaa koti jeupe lile lile, na sindano zao ni sawasawa. Watafiti wa Kilifi wenyewe, ambao kituo chao kilianza mwaka 1989, walichunguza jambo hili na kuchapisha habari zake mwaka 2004. Walikuta kwamba wazazi wengi ambao watoto wao walikuwa katika utafiti waliudhani kuwa ni matibabu ya kawaida. Nawasifu kwa kusema ukweli uliowahusu wao wenyewe. Lakini ukweli huo watuonya: fomu zilikuwapo, sahihi zilikuwapo, na hata hivyo uelewa ulikuwa haba.

Ikiwa wadhani, msomaji, kwamba nalikuza jambo dogo, tazama yaliyopata kutendeka duniani. Katika mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, idara ya afya ya serikali iliwaweka wanaume weusi 600 katika utafiti wa kaswende uliodumu tangu mwaka 1932 hata 1972. Wanaume 399 katika hao walikuwa na ugonjwa. Waliambiwa kwamba wanatibiwa damu mbaya, na kumbe walikuwa wakitazamwa tu ili ijulikane ugonjwa utawafikisha wapi. Penisilini ilipojulikana kuwa ni tiba, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Rais wa nchi ile aliomba radhi mwaka 1997, miaka ishirini na mitano baada ya utafiti kukoma, na wengi wa wale waliostahili kuombwa radhi walikuwa wamekwisha zikwa.

Ajabu ni kwamba utafiti ule uliendelea wakati ambapo ulimwengu ulikuwa umekwisha pata sheria. Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu madaktari wa Ujerumani kwa ukatili waliowatendea wafungwa kwa jina la elimu, iliweka kanuni kumi. Na ya kwanza katika kumi hizo ni kwamba ridhaa ya hiari ya mtu haina budi kupatikana. Mwaka 1964 madaktari wa ulimwengu walikutana Helsinki, Finland, wakatoa azimio lao juu ya jambo hilo hilo. Kanuni zilikuwapo, na wanaume wa Tuskegee waliendelea kudanganywa miaka minane mingine. Kwa hiyo kanuni iliyo katika kitabu haimlindi mtu asiyejua kwamba ipo.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni ya nchi za mbali. Mwaka 1996, katika mji wa Kano, Nigeria, homa ya uti wa mgongo iliwashambulia watoto. Kampuni ya Pfizer ilifika, ikajaribu dawa yake mpya kwa kuilinganisha na nyingine kwa watoto wagonjwa wapatao 200. Watoto 11 walikufa. Wazazi walishtaki kwamba hawakuelezwa kuwa watoto wao wamo katika majaribio. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ilipatana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Lakini hasara kubwa haikuwa ya dola. Mwaka 2003 watu wa Kano waliikataa chanjo ya polio, na kumbukumbu ya majaribio yale ilikuwa moja katika sababu zilizowatia shaka. Hivyo imani iliyovunjika juu ya dawa moja iliwagharimu watoto wengine juu ya dawa nyingine. Ridhaa ni ngao ya mchunguzwa, na vile vile ni akiba ya elimu yenyewe. Mtafiti akiitumia vibaya leo, atakuja mwingine kesho na kukuta mlango umefungwa.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana hoja isiyopingwa haijapimwa.

Wa kwanza husema: Watu hawa hawakusoma, ukiwaeleza habari za vidudu na kura na vipimo utawachosha bure. Hoja hii ina kiburi ndani yake. Mvuvi wa Gazi ajua pepo za kaskazi na kusi, na ajua bamvua na maji mafu, pasipo kuandikiwa. Mama auzaye korosho Msambweni humwuliza mnunuzi maswali manne kabla ya kupima: wataka kiasi gani, kwa bei gani, utalipa lini, na ukinidhulumu nikushtaki kwa nani? Akili iwezayo kuuliza maswali hayo juu ya korosho yaweza kuyauliza juu ya damu. Likikosekana jambo, limekosekana kwa mwelezaji. Amekuja na karatasi ndefu iliyoandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili cha ofisini kilichofasiriwa neno kwa neno, akamsomea bibi wa Kinango ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Kiduruma, kisha akamshika kidole akakichovya katika wino. Alama ile ya kidole yathibitisha kwamba bibi ana kidole. Haithibitishi kwamba ameelewa.

Wa pili husema: Chifu amekubali, na mzee wa kijiji amekubali, basi kijiji kimekubali. Namheshimu chifu na namheshimu mzee. Ni adabu njema mgeni aanze kwao, kama ilivyo adabu katika Kaya Kinondo, karibu na Diani. Msitu ule, ulio miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia, hauingiwi ovyo. Mgeni huomba ruhusa ya wazee, hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mtu wa kaya, na haruhusiwi kuondoka na kitu, hata kama ni jani lililoanguka. Maprofesa wametoka katika nchi kubwa wakafungwa kaniki, na hawakuona kuwa wamevunjiwa heshima. Nauliza: ikiwa jani la mti lina mwenyewe, damu ya mtoto wa mtu haina? Lakini ruhusa ya wazee hufika mpaka hapo. Mzee aweza kumfungulia mgeni njia ya kijiji. Hawezi kumfungulia mshipa wa damu wa mtu mwingine. Baada ya mlango wa kijiji kuna mlango wa nyumba, na baada ya mlango wa nyumba kuna mtu mwenyewe, na kila mmoja una hodi yake.

Wa tatu husema: Maradhi yanaua, na kuomba ruhusa ya kila mtu ni kupoteza wakati. Huyu nampa jibu fupi. Utafiti wa malaria wa hapa Kwale niliokwisha utaja ulihesabu watu kwa maelfu, nao ulikuwa chini ya kanuni zile zile za ridhaa, na ulifika mwisho ukatoa jibu. Aliye na wakati wa kuhesabu watu 28,000 ana wakati wa kuwauliza.

Wa nne hucheka, akasema: Watu wenu waamini mumiani. Ni kweli, tangu zama za ukoloni umekuwako uvumi katika Afrika ya Mashariki juu ya watu wanyonyao damu za wenzao na kuziuza. Siusadiki uvumi huo. Lakini wahenga wamesema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mgeni aingiapo kijijini kwa gari, akachukua damu katika vichupa, akaondoka nayo bila ya kusema inakokwenda wala lini atarudi, ameacha nyuma yake nafasi tupu, na uvumi hupenda kukaa katika nafasi tupu. Dawa ya mumiani ni maelezo. Kicheko hakijapata kumponya mtu hofu.

Sasa yanipasa kusema neno juu ya mahali ninapopajua kuliko pengine, nalo ni shule. Mimi ni mwalimu, na wanaotafuta watoto wa kuchunguza wajua kwamba hakuna mahali rahisi kuwapata kama kwetu. Watoto wamekwisha panga mstari. Majina yamekwisha andikwa. Kengele ikilia wote hukusanyika. Mtu akitaka mikojo mia ya watoto katika vikopo, anahitaji mwalimu mkuu mmoja tu aliye mkarimu. Na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto wa shule amefunzwa kutii. Mwalimu akisema, nyosha mkono, hunyosha. Hajui kwamba kuna mkono unyoshwao kwa kujibu swali na mkono unyoshwao kwa kuchomwa, na kwamba huu wa pili anayo haki ya kuuliza kwa nini. Fomu hupelekwa nyumbani katika mkoba. Baba yuko baharini, mama yuko shambani, na kaka mkubwa huitia sahihi ili mdogo wake asikaripiwe kesho yake. Fomu hurudi shuleni imetimia, na ridhaa haimo ndani yake.

Nasema kwa wenzangu walimu bila ya kuficha: mzazi alitupa mtoto tumfunze, hakutupa damu yake tuigawe. Kazi yetu katika jambo hili ni kumwita mzazi aje asikie kwa masikio yake, kumpa mtoto nafasi ya kusema ndiyo au la kwa kinywa chake, na kuhakikisha kwamba yule anayesema la harudi darasani na aibu. Mtoto aliyekataa asifanywe mfano wa ujinga mbele ya wenzake. Pengine yeye peke yake ndiye aliyelielewa swali.

Jambo jingine ni zawadi. Ni haki mshiriki arudishiwe nauli yake, na alipwe kwa siku aliyoacha kazi. Lakini zawadi ikiwa kubwa hata mwenye njaa hawezi kuikataa, imegeuka kuwa chambo. Chambo humvuta samaki mwenye njaa kabla ya mwenye shibe, na ndivyo utafiti wa namna hiyo unavyowabebesha maskini mizigo ambayo wenye nafasi huikwepa.

Wala usidhani, msomaji, kwamba ni sindano tu iumizayo. Swali nalo lina ncha. Mwaka 2006 shirika la UNICEF pamoja na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya watoto wanaodhulumiwa katika biashara ya utalii ya pwani, na Diani ilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Ukweli ule ulihitaji kusemwa. Lakini fikiri uzito wa swali kwa msichana wa kijiji ambacho kila mtu amjua mwenziwe. Jina laweza kufichwa, na bado ukiandika umri wake, shule yake na kazi ya mama yake, umekwisha mtaja. Mtafiti akishachapisha kitabu huhamia kazi nyingine. Msichana hubaki na majirani. Basi mtu akikuamini kwa siri, ifiche kama vile ni yako. Na ikiwa huwezi kuificha, usiiombe.

Limebaki deni la mwisho, ambalo husahauliwa kuliko yote. Ni deni la kurudi. Kule Taveta, ambayo zamani ilikuwa pamoja nasi katika Mkoa wa Pwani, na upande wa pili wa mpaka katika nchi ya Wapare, ulifanywa mpango mkubwa wa malaria. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba zilinyunyizwa dawa ya dieldrini. Malaria ilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kisha unyunyizaji ukakoma, na malaria ikarudi pole pole, na wataalamu wakaendelea kuandika hesabu zao. Elimu iliyopatikana ilikuwa kubwa. Lakini kazi kama hiyo yaleta swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa: mtakapoondoka, mtatuacha katika hali gani? Mtu aliyelindwa miaka minne akaachwa si sawa na mtu ambaye hakupata kulindwa. Mwili wake umesahau kupigana na adui ambaye sasa arudi.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii ndiyo mkataba mzima wa utafiti katika maneno manne. Walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Jembe la mtafiti ni matokeo yake. Ayarudishe pale alipoyachuma, ayaseme barazani kwa lugha ya watu, aseme alichokipata na alichokikosa, na asiwaache wenyeji kusoma habari za damu yao katika magazeti ya nchi nyingine, ikiwa watazisoma kabisa.

Sheria yetu haikulala. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 28, yasema kwamba kila mtu ana utu wake wa asili na haki ya utu huo kuheshimiwa. Kifungu cha 31 chalinda faragha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 yamtaka mtafiti awe na leseni, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Zipo kamati za maadili zinazosoma kila mpango wa utafiti kabla haujaanza. Lakini nimekwisha kuonyesha kwamba kanuni isiyojulikana na anayelindwa ni ngao iliyotundikwa ukutani. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini, ambao wageni wamewachunguza kwa muda mrefu kuliko watu wengi, walitoa kanuni zao wenyewe kwa kila mtafiti ajaye kwao: heshima, ukweli, haki, uangalifu, na kufuata utaratibu uliowekwa. Hawakungoja kuandikiwa. Sioni sababu ya Wadigo na Waduruma, wenye wazee na mabaraza na shule, kushindwa kufanya vivyo hivyo.

Nina neno pia kwa wale wanaotaka kila mtafiti afukuzwe. Hao nao wanakosea. Kichocho hakifukuzwi kwa kelele. Konokono wa madimbwini hasikii hotuba. Asiyekubali kamwe kuchunguzwa huishi kwa dawa zilizopatikana kwa miili ya watu wengine waliokubali, na huo ni ukupe. Haki ya kukataa ina thamani kwa sababu kukubali kuna thamani. Nataka watu wetu wakubali mara nyingi, lakini wakubali wakiwa wamesimama, macho yao wazi.

Kwa hiyo, kijana msomaji, chukua maswali haya na uyahifadhi kama ulivyohifadhi jedwali la kuzidisha. Siku atakapokuja mtu na kalamu au sindano, kwako, kwa mama yako au kwa mdogo wako, muulize: Wataka kujua nini? Utanifanyia nini, na yaweza kunidhuru vipi? Nikikataa, nitapoteza nini? Damu yangu na maneno yangu yatakwenda wapi, na nani atayaona? Utarudi lini kuniambia ulichokipata? Uliza kwa adabu, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Akijibu kwa subira, mkaribishe na umsaidie kwa moyo, maana kazi yake ni njema. Akikasirika, amekwisha kujibu maswali yote matano kwa pamoja.

Na wengi wenu, kwa bidii ya masomo yenu, mtakuwa siku moja watu wenye kalamu na sindano. Mtatoka vyuo vikuu na kurudi Lunga Lunga, Ukunda na Matuga mkiwa na barua yenye muhuri na gari la kuwachukua. Siku hiyo mtajua mambo mengi ambayo mama wa kijijini hayajui. Kumbukeni kwamba yeye naye ajua moja ambalo ninyi hamlijui, nalo ni kama leo anaweza kuonana na watu au hawezi. Simameni nje, mpige hodi, na mngoje mpaka mwenyewe aseme karibu.